Hadi Bolti Itoke kwa Vidole

Soja wa geti letu, pale Riruta Satellite, ndiye aliyeutaja mlio kwanza. Ilikuwa alfajiri. Nilikuwa nimewasha gari, nikaliacha lipumue kidogo, kisha nikavuta gia kutoka P hadi R. Akainua kichwa kutoka kwenye redio yake. "Mwalimu, gari lako linabisha hodi."

Mimi nilikuwa nimeuzoea mlio ule. Ulianza kama mguso tu, kama wa mtu anayepita nyuma yako kwenye matatu iliyojaa. Baada ya masika ukawa kong', mmoja, mzito, upande wa kushoto mbele ya miguu ya abiria, halafu kimya. Nikirudisha D, kong' nyingine. Kwenye foleni ya Naivasha Road, mguu ukiwa kwenye breki na gia ikiwa ndani, usukani ulitetemeka na kioo cha ndani kikanionyesha kila gari la nyuma likiwa mawili.

Gari lenyewe ni Toyota Fielder, la aina ile ambayo ukisimama Dagoretti Corner dakika tano utayahesabu hadi uchoke. Hakuna spea yake isiyopatikana, wala fundi asiyewahi kuifungua boneti yake. Ndiyo maana nilishangaa kwamba kong' ile ilichukua miezi mitatu kupata mwenyewe.

Nairobi ina madhehebu mengi ya mafundi wa magari, na lenye waumini wengi zaidi ni lile la Tubadilishe Tuone. Nilipita kwa wawili wa dhehebu hilo. Wa kwanza alisikiliza nusu ya sentensi yangu akasema, "Mama, hiyo ni plagi." Tukabadilisha plagi nne. Tukaona. Wa pili akasema ni oili ya gia, imechoka. Tukaimwaga, tukatia mpya. Tukaona. Sasa nilikuwa na plagi mpya, na oili nyekundu safi kama sharubati, na gari bado linabisha hodi. Siwalaumu sana, kwa sababu mteja mwenyewe huwa amekodolea macho saa yake, na kumwambia mteja wa namna hiyo "ngoja kwanza nisikilize" ni kujitafutia sifa ya kutojua kazi.

Wa tatu ndiye nitakayesimulia habari zake. Jina lake nitaliacha, kwani yeye mwenyewe hajaliandika hata kwenye bango. Hana gereji. Ana pembe ya uwanja kule Kawangware, mabati matatu juu ya nguzo nne, na mkoba wa mgongoni wa vyuma ambao huubeba kwa boda kwenda majumbani kwa watu siku za Jumamosi. Niliambiwa habari zake na mwalimu mwenzangu, ambaye alimsifu kwa maneno yasiyovutia hata kidogo: "Anachukua muda."

Alipokuja mara ya kwanza hakufungua boneti. Aliketi kiti cha abiria, akazima redio yangu bila kuomba ruhusa, akateremsha vioo vyote viwili, akaniambia niendeshe. Tulikwenda hadi Dagoretti Corner na kurudi. Njiani alikuwa na maswali machache, kila moja akiliacha likae kabla ya kuuliza lingine. Inagonga gari likiwa baridi tu, ama hata likishapata moto? Ukipanda mlima? Ukiachilia mafuta ghafla? Ukipita tuta, inagonga mara moja au mbili? Nilipojibu swali la tuta nikagundua kwamba nilikuwa nalijua jibu muda wote, ila hakuna aliyewahi kuniuliza.

Tuliporudi ndipo boneti ikafunguliwa. Akanikalisha kwenye usukani, breki ya mkono juu, mguu wangu wote kwenye breki. Yeye akasimama ubavuni mwa gari, si mbele yake, akamvuta pembeni kwa kola ya shati na kijana wake, anayejifunza kazi kwake. "Tia D. Rudisha N. Tia R." Hakuwa akiiangalia injini. Alikuwa akiangalia nafasi iliyo kati ya injini na bodi, pale ambapo mtu mwingine angeona hewa tu.

Kisha akanitoa, akamweka kijana wake kwenye kiti, akaniambia nisimame aliposimama yeye. Gia ilipoingia, niliona injini nzima, na giaboksi ubavuni mwake, ikiinuka kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini, halafu ikaanguka. Kong'.

"Injini zote hucheza, mwalimu," akasema. "Isipocheza imekufa. Swali ni nani anaizuia, raba au chuma. Ya kwako inazuiwa na chuma."

Hapo ndipo lilipotajwa jina la ugonjwa: mauntini ya giaboksi.

Kwa asiyejua, na mimi nilikuwa miongoni mwao, ni hivi. Kwenye magari mengi madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, injini na giaboksi zimelazwa kwa mapana ya gari na kufungwa pamoja zikawa mwili mmoja. Mwili huo, wenye uzito wa zaidi ya kilo 100, haugusi bodi ya gari moja kwa moja. Umeshikwa mahali pachache tu na vikono vya chuma, na katikati ya kila kikono pana pande la raba lisilozidi ngumi ya mtu. Hizo ndizo mauntini. Kwenye Fielder, ya upande wa giaboksi hukaa kushoto, imefichwa chini ya betri. Kazi yake ina ukinzani ndani yake: ishikilie, na papo hapo iachie. Ikishika mno, kila mtikisiko wa pistoni utapanda hadi kwenye meno ya dereva. Ikiachia mno, mashine itayumba ndani ya kifua cha gari na kugonga mbavu. Tena injini inaposukuma magurudumu kwenda mbele, yenyewe husukumwa kupinduka upande wa pili, na kinachoipokea ni raba hiyo. Wahenga waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi hawakuijua giaboksi, lakini ndivyo tunavyoifikiria raba hii: haituhusu, haina uzito, hadi siku itakapotua mzigo.

Kuna wakati magari hayakuwa hivi. Injini nyingi zilifungwa bolti kwenye fremu, chuma kwa chuma, na msafiri akatetemeka nazo. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler kule Marekani ilitoa gari la Plymouth ambalo injini yake ya silinda nne iliegemezwa kwenye raba, ikapangwa ili iyumbe kwa kuufuata mhimili wa uzito wake yenyewe. Waliuita mpango huo Nguvu Inayoelea, wakautangaza kama muujiza, na mwaka uliofuata Citroën ya Ufaransa ikanunua haki ya kuutumia. Leo hakuna anayetangaza raba. Fielder yangu inaelea na sikuwahi kuambiwa.

Raba nayo huzeeka kama sisi, kwa joto, kwa mafuta na kwa miaka. Oili ikiidondokea hufura na kulainika. Joto la injini huikausha ikawa na nyufa. Magari yetu yana jambo la ziada. Kanuni ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, na kwa hiyo mengi ya yanayoshushwa Mombasa huwa yanaukaribia mpaka huo. Sisi tunaliita gari "jipya", tunalifunga utepe, tunaliombea. Raba zake zimeshaishi maisha mazima Japani, zimepitia majira ya baridi na ya joto, ndipo zije kuanza upya kwenye matuta ya Kabiria.

Na kabla sijaondoka kwenye raba: watu wa pwani hunywa maji ya mabungo bila kukumbuka kwamba mbungo una jamaa zake watambaao msituni ambao utomvu wao ulikuwa mpira wa biashara, ukisafirishwa kutoka pwani hii na Zanzibar katika karne ya 19, kabla ya mashamba ya mpira ya Asia kuimeza biashara yote. Kila ninapoiona raba iliyopasuka sasa, namkumbuka mtu wa Kilwa akikata mmea utambaao wa porini na kungoja utomvu ugande. Yeye pia alikuwa na kazi ya kungoja.

Fundi hakuishia kwenye kulitaja jina la ugonjwa. Nilidhani tumemaliza, yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kujipinga. Alilala chini akazichezesha shafti za magurudumu kwa mkono. Akapapasa vishikizo vya ekzosi. Akachukua mtaimbo mfupi, akauzungushia kitambaa, akaupenyeza kwenye mauntini moja baada ya nyingine na kusukuma taratibu, kwa nguvu ya mtu anayefungua dirisha chumba alicholala mtoto. Mbili zilisukumika kidogo, zikarudi. Ya kushoto ilipofikiwa, kijana akaelekeza tochi, na mwanga ukapita kati ya raba na chuma ukatokea upande wa pili.

"Umeona?" akamuuliza kijana, si mimi.

Baadaye nilimuuliza alivyojifunza. Alisema mwaka wake wa kwanza, kwa bwana wake, hakushika spana. Alishika tochi. "Ukishika tochi vizuri unajua fundi anaangalia wapi. Ukiishika vibaya unapigwa kibao." Vibao ameviacha, tochi ameibakiza.

Ijumaa mchana tulikutana mjini kununua. Alikuja na shati safi, nikamtambua kwa mikono tu. Tulivuka River Road tukateremka hadi Kirinyaga Road, ambayo watu wa magari bado wanaiita Grogan, kwa jina lake la kikoloni. Ewart Grogan, mwenye jina, alisifika kwa kusafiri kwa miguu kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, safari aliyoimaliza mwaka 1900. Mtaa ulioitwa kwa jina la mtembea kwa miguu ndio uliokuja kuuza bampa, taa, redieta na vioo vya pembeni, na huwezi kupiga hatua kumi hapo bila mtu kukushika kiwiko: "Mathe, unatafuta spea gani? Sema tu."

Ukiendelea kuteremka kutoka hapo kuelekea Kamukunji unasikia nyundo kabla hujaona mtu. Huko ndiko Rais Moi alikotembelea mwaka 1985 akaona wafua vyuma wakifanya kazi juani, akaahidi kuwajengea vibanda. Na baada ya hapo neno jua kali likapanda kutoka vichochoroni hadi kwenye hati za serikali. Wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walikuwa wameshaandika mwaka 1972, katika ripoti yao juu ya Kenya, kwamba uchumi huu usio rasmi si uvivu uliojificha bali ni kazi yenye tija. Fundi wangu hakuwa na habari na ripoti hiyo, wala haikumpunguzia bei.

Duka tuliloingia lilikuwa na wavu wa chuma juu ya kaunta na tundu la kupitishia mkono. Aliitisha mauntini za aina tatu, akataja namba ya chesisi aliyoiandika kwenye kiganja, wala hakutaja jina la gari peke yake. "Fielder ni nyingi," akaniambia, "na mtu wa kaunta akisikia Fielder anakupa iliyo karibu na mkono wake."

Akazipanga tatu zote. Ya kwanza ilikuwa imetumika, ya kutoka Japani, raba nyeusi inayong'aa. Wengi huamini hiyo ndiyo bora, kwa sababu ni ya kiwandani. Akaiweka kando bila kuigusa sana: raba ya umri uleule wa ile tunayoitoa, imepakwa tu mafuta ya kung'arisha. Mbili zilizobaki zilikuwa mpya. Akabonyeza kila moja kwa ukucha wa kidole gumba na kuhesabu moyoni inachukua muda gani alama kutoweka. Akanusa. Akapitisha ukucha kwenye mshono ambapo raba inakutana na chuma, kwa sababu, alisema, mauntini haifi katikati, hufia mpakani. Mwisho akatoa bolti kwenye mfuko wa shati lake safi, akaipitisha kwenye kila tundu la ile ya pili, ikapita; kwenye ya tatu ikakwama tundu moja, kwa tofauti isiyozidi unene wa kadi ya simu. Mwenye duka akasema tundu hilo hupanuliwa kwa tupa tu, kazi ya dakika mbili. Fundi akacheka kwa heshima na kuipokea ile ya pili. Mtu anayetembea mjini na bolti mfukoni hahitaji kubishana.

Jioni ile alipitia kwangu kabla ya kwenda kwake. Alisugua vichwa vya bolti kwa brashi ya waya, akavipulizia mafuta ya kulegeza kutu, akafunga boneti, akaenda zake. Dakika kumi, basi. "Bolti ikinyweshwa usiku, asubuhi haina ubishi."

Jumamosi tatizo la kwanza lilikuwa keateka. Ploti yetu ina bango linalokataza kutengeneza magari ndani, kwa sababu ya kabro mpya. Fundi hakujadiliana naye. Alifungua katoni ya friji aliyokuja nayo, akaitandika chini ya sehemu yote ya mbele ya gari, na juu yake akamwaga vumbi la mbao kutoka kwenye mfuko wa unga. Keateka akatazama, akavuta kiti, akabaki kuwa mtazamaji.

Mawe nyuma ya magurudumu. Breki ya mkono. Upande wa mbele ukainuliwa kidogo, stendi zikawekwa chini, na gari likasukumwa kwa bega kuhakikisha limetulia. Betri ikafunguliwa, waya wa hasi kwanza. Likafuata sanduku la kichujio cha hewa, kisha kitako cha betri. Kila bolti iliyotoka iliingia kwenye trei ya mayai, ile ya karatasi, kwenye shimo lake, kwa mpangilio wa kutoka. Wakati wa kurudisha, alinieleza, unaisoma trei kutoka mwisho kuja mwanzo, na mayai hayakosei.

Chini ya kitako cha betri palikuwa na unga mweupe uliochanganyika na kijani. Asidi. Fundi akasimama akawaza, kisha akaniuliza kama jikoni nina magadi. Nikamletea, yale yale tunayolainishia githeri, akayayeyusha kwenye maji ya moto na kuyamwagia pale. Yakachemka kwa hasira, yakatulia. Magadi ya ziwa la Magadi yamesafiri kote huko, yakapita sufuriani, yakaishia kwenye tumbo la Toyota. Angeweza kupita bila kuosha. Hakuna ambaye angejua. Asidi ingeila mauntini mpya kimyakimya kwa mwaka mmoja au miwili, na lawama ingemwendea muuza duka.

Sasa nifike mahali ambapo sikujua kwamba nitasimama kwa nusu saa nikitazama mtu akifanya kitu ambacho hakionekani.

Mauntini ndiyo inayobeba. Ukiifungua, giaboksi itaanguka upande wake na kuning'inia kwenye zile nyingine, nazo zitang'oka au kuchanika. Kwa hiyo kabla ya kufungua lazima kitu kingine kibebe. Fundi alikuwa na jeki ya pili, ya chupa, na juu yake kipande cha mti mgumu kilichopigiliwa raba ya tairi. Aliisogeza chini ya giaboksi akatafuta kwa vidole mahali penye ganda nene, akilikwepa sampu la oili, ambalo ni bati tu na hubonyea. Akapampu mara moja. Akasimama. Akapampu nusu. Mti ukagusa.

Hapo mtu wa haraka angefungua bolti. Yeye alilegeza nati kwa spana hadi ikatoka, kisha akaweka spana chini na kushika kichwa cha bolti ndefu kwa vidole viwili. Akajaribu kuizungusha. Ikagoma. Akamwashiria kijana: pampu kidogo. Akajaribu tena. Ikagoma bado, lakini vingine. Nilimwona akiinamisha kichwa kana kwamba anasikiliza kwa ncha za vidole. "Umezidisha. Teremsha." Jeki ikatoa pumzi. "Basi."

Alinieleza bila kuachia. Giaboksi ikiwa chini mno, uzito wake unaibana bolti upande mmoja wa tundu. Ikiinuliwa mno, inabanwa upande wa pili. Katikati ya hayo mawili pana mahali, pembamba kama upindo wa kanga, ambapo uzito wote umehamia kwenye jeki na bolti haibebi chochote. Hapo haihitaji spana. Inatoka yenyewe, kama mkono unavyotoka kwenye bangili. Ukiitoa kwa nyundo kabla ya hapo itatoka pia, watu huitoa kila siku, lakini itatoka na uzi ulioparuzika na tundu lililopanuka, na siku ya kuirudisha utailazimisha, na kong' itazaliwa upya ndani ya miezi sita.

Kijana akapampu, kwa kiasi ambacho sikuona mkono wake ukisogea. Fundi akazungusha vidole. Bolti ikazunguka mara moja, ya pili, ikaja nje taratibu, inang'aa katikati pale ambapo haikuwa imeona hewa tangu kiwandani. Hakusema kitu. Aliiweka kwenye shimo lake la yai.

Nimewaona maseremala wa Ngong Road wakipatanisha mbao hadi mshono ukapotea, na nawaheshimu. Ila wao mbao zao haziwaangukii. Hapa mtu alikuwa ameuhamisha mzigo mzima kutoka bega hadi bega, na ushahidi pekee kwamba amefaulu ulikuwa kwamba hakuna kilichotikisika.

Mauntini ya zamani ilipotoka akaifungua kwa mikono kama mdomo wa samaki. Raba ilikuwa imeachana na chuma karibu mzunguko wote. Ilibaki imeshikilia kipande kama cha shilingi ishirini. Kipande hicho ndicho kilichonipeleka shule na kunirudisha muhula mzima.

Kurudisha kulichukua muda mrefu kuliko kutoa, jambo ambalo kwa mujibu wake ndivyo inavyopasa. Kikalio kilisuguliwa hadi chuma kikaonekana. Mpya ikaketi. Bolti zote zikaanzishwa kwa vidole, hakuna hata moja iliyokazwa. Kijana alipofika kwenye ya tatu ikamkatalia baada ya mzunguko mmoja, akanyoosha mkono kuchukua spana. "Wewe." Neno hilo moja tu. Kijana akairudisha spana. Fundi akamwonyesha: unaizungusha bolti kinyume kwanza, kama unayeifungua, ukiisukuma polepole, hadi usikie inadondoka kidogo, tik. Hapo uzi wa bolti umekutana na uzi wa tundu. Ndipo unageuza kwenda mbele. Kijana akajaribu mara nne. Ya tano nikaisikia mimi pia, tik, na uso wake ukabadilika.

Halafu fundi akateremsha jeki hadi uzito ukaanza kurudi, akaishika injini kwa viganja viwili, akaitikisa mbele na nyuma mara kadhaa ili ijipatie mahali pake pa kukaa bila kusokotwa. Baada ya hapo ndipo spana ikaingia, huku na huku, robo kwa robo. Mwisho alifungua kitambaa cha flana akatoa spana ya kupimia nguvu, ya mitumba, iliyotunzwa kama bastola. Nakiri kwamba sikutarajia kuiona. Nilidhani mtu wa vidole vile angeidharau. "Mkono unajua," akasema, "lakini mkono huchoka saa saba mchana na hausemi."

Trei ya mayai ikasomwa kinyumenyume. Betri ikarudi, hasi mwisho. Katoni ikakunjwa na vumbi lake ndani, na keateka akazunguka gari akikagua kabro moja moja, akakosa la kusema.

Nikawasha. Mguu kwenye breki, nikavuta hadi R. Sikusikia kitu, nikadhani gia haikuingia, nikaangalia dashibodi: R ilikuwa inawaka. Nikatia D. Nikangoja kong' hadi fundi akaniuliza nangoja nini. Tulizunguka kupitia Kabiria, matuta yote, vioo wazi, redio imezimwa. Alisikiliza njia nzima kwa uso uleule wa siku ya kwanza, kana kwamba si yeye aliyefanya kazi. Tuliporudi akaniambia nimpigie baada ya wiki, akakague kama bolti zimelegea zikijizoesha. Nikamlipa kwa M-Pesa. Mauntini iliyokufa aliomba aondoke nayo, akaitia mkobani. Kuna mteja kule Kawangware aliyeambiwa gari lake ni plagi.

Jumatatu alfajiri niliwasha, nikaliacha lipumue, nikarudi nyuma hadi getini na kusimama. Geti halikufunguliwa. Kwenye kioo, ambacho sasa kilionyesha kila kitu kimoja kimoja, nilimwona soja ameinamia redio yake. Ilibidi nipige honi.